Mbuzi Waliopakwa Chokaa

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani na leso mbili, wakaniimbia wimbo ambao jina langu lilitamkwa vibaya kila lilipofika. Nilishukuru hivyo hivyo. Nilipokuwa nafungasha vitu vyangu akanifuata mlezi mmoja kijana, bado mgeni kazini, akaniuliza: "Mwalimu Sabina, watoto wakishakula na kuoga, kazi yetu inabaki nini tena?" Nilicheka, maana swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, tena kwa maneno hayo hayo, na jibu lake lisingetosha pale mlangoni. Sasa niko nyumbani Voi, nimepumzika mpaka nimechoka kupumzika, na naandika. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilifika Lodwar mwanzoni mwa miaka ya tisini, juu ya lori la mahindi kutoka Kitale, vumbi limenijaa mpaka kwenye meno. Nilikuwa mwalimu wa chekechea, na makao ya watoto yaliyoniajiri yalikuwa nje kidogo ya mji, karibu na laga, ule mto wa mchanga ambao hukaa mkavu karibu mwaka mzima. Nilitegemea kukuta kelele. Kila mahali penye watoto wengi nilipowahi kufanya kazi palikuwa na kelele za kukupasua kichwa. Pale palikuwa kimya. Watoto walikaa kando ya ukuta, kivulini, miguu wameinyoosha mbele, na kivuli kilipohama nao walihama. Nikamwambia Mama Veronika, aliyekuwa mkuu wa walezi, kwamba watoto wake wana adabu sana.

Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba maiti amelala vizuri.

"Hawa hawana adabu, mwalimu," alisema. "Hawa wamechoka. Siku mmoja akiiba sukari, uniite. Tutapiga vigelegele."

Mama Veronika alikuwa Mturkana wa Kalokol, mnene, mwepesi wa mikono, na kazi aliijua kwa kuishi nayo wodini tangu usichana wake. Karibu kila ninachokijua kilitoka kwake. Alinifundisha kumnyoa mtoto mwenye vidonda kichwani huku umekaa nyuma yake, ili asiuone wembe ukija. Alinifundisha kumlisha uji kwa kuupitisha kijiko pembeni mwa mdomo, maana mtoto aliyekata tamaa hufunga meno ya mbele. Dawa ya zambarau, karai, sabuni ya mche na kitambaa safi, hivyo ndivyo vilikuwa vifaa vyetu. Alinifundisha pia kumfunga maiti mdogo kwenye shuka, kwa sababu mwaka ule wa ukame hilo nalo lilikuwa sehemu ya kazi, na hakuna chuo kilichokuwa kimenieleza.

Lakini kitu kilichonishangaza zaidi ni namna alivyowachagua wa kupona. Palikuwa na mkeka mmoja wa wagonjwa, kwenye chumba cha kwanza. Daktari alipita mara mojamoja akaandika yake, ila Mama Veronika aliangalia mikono. Mtoto aliyeanza kuvuta uzi wa blanketi, au kusukuma kizibo cha chupa sakafuni na kukifuata kwa macho, alimtoa mkekani hata kama homa haijashuka. Yule aliyelala mikono wazi, hata kama mwili una joto la kawaida na tumbo limetulia, alimwekea mtu wa kukaa naye. Sikumbuki kumwona akikosea. Ningependa kuwaambia kuwa nilimwona.

Vichezeo vilikuja, tena kwa maboksi, kutoka kwa watu wema wa mbali. Msiwacheke, nami niliwacheka miaka mingi na haikunisaidia. Boksi moja lilikuwa na dubu wa manyoya, mkubwa kuliko watoto wetu wengi. Alipotolewa, watoto walikimbia wakipiga mayowe kuwa ni fisi, na wale majasiri wakarudi na mawe. Dubu aliuawa kabla ya chakula cha mchana. Boksi jingine lilikuwa na vipande vya kupanga, ukivipanga unapata picha ya nyumba iliyofunikwa na theluji. Ndugu wawili wa Longech, kule ziwani, walivitia kwenye karai la maji, wakakunja msumari na kuufunga uzi, wakavivua kimoja kimoja mpaka jioni, wakigombana juu ya nani amepata sangara. Hapo ndipo nilipoanza kufumbuka macho. Mtoto halazimiki kucheza na ulichompa. Hucheza na alichokipoteza.

Msimamizi wetu, Bwana Barasa, aliwahi kuwa karani jeshini, na jeshi halikuwahi kumtoka. Hakuwa mtu mbaya. Alipigania dawa zetu na maziwa yetu kama simba. Ila kwake makao mazuri yalikuwa yale ambayo mgeni akiingia haoni kitu kimelala chini. Uwanja ulifagiliwa kila asubuhi mpaka mistari ya ufagio ikaonekana kwenye mchanga. Aliyeufagia ni Ekai, mtu mrefu, mkimya, aliyekuwa na mifugo yake mpaka ukame ulipoimaliza. Akaja mjini akapewa ufagio na wilbaro ya gurudumu moja. Kila tulipokutana alinisalimu "Ejok, mwalimu," nami nikajibu "Ejok," na kwa muda mrefu huo ndio ulikuwa urafiki wetu wote.

Kakuma nilikwenda mara nyingi, kwa msafara wa magari wenye askari mbele na nyuma, maana barabara ile ilikuwa na wenyewe. Kambi ya wakimbizi ya kule ilikuwa bado changa, nasi tulisaidiana na walezi wa kule kuhusu watoto waliofika bila wazazi. Wengi walikuwa wavulana kutoka Sudan, waliotembea kwa miguu safari ambayo siwezi kuieleza kwa sababu hawakuwahi kunieleza. Mlezi wao mmoja aliitwa Majok, naye mkimbizi, mwalimu kwao, mlokole wa kupiga ngoma kanisani. Watoto wake walikuwa na tabia ya kuchota tope kwenye bomba la maji na kufinyanga ng'ombe. Askari wa bomba aliwafukuza, na hakuwa na kosa, kwa sababu tope lile lilileta mbu na lilichelewesha foleni. Majok akatafuta mkebe, akawa analichota tope mwenyewe na kulipeleka nyuma ya vibanda.

Nilimkuta siku moja ameinama chini ya jua kali, amezungukwa na makundi ya ng'ombe wa udongo. Nikachuchumaa karibu na kijana mmoja na kumuuliza, kwa sauti yangu ya chekechea, "Hii ni nini?" Kijana akakusanya ng'ombe wake, akahama.

"Mama," Majok akaniambia, "usiuliza yeye hii nini. Yeye anajua wewe unajua. Uliza maji iko wapi. Uliza nyasi. Hii mtoto iko kazini."

"Na asiponijibu?"

"Kaa. Kaa chini yake, kichwa yako isipite yake. Usishika ng'ombe mpaka yeye akupe. Kalas, hiyo tu."

Aliniambia pia juu ya mmoja wao, ambaye kila siku alifinyanga ng'ombe wasio na pembe, na kwa watu wao ng'ombe bila pembe nzuri si ng'ombe. Majok hakumsahihisha. Aliendelea kumletea tope. Siku yule mtoto alipotia pembe, Majok alitembea kambini akitabasamu peke yake, mpaka watu wakadhani amepata karatasi za kwenda Ulaya.

Basi niliporudi Lodwar nilikuwa na hilo moja kichwani, na lilikuja kunifaa mapema kuliko nilivyodhani.

Msichana tuliyemwita Maria aliletwa na dereva wa lori la mifugo, kutoka upande wa Lokiriama, mpakani. Dereva alisema alimkuta karibu na kisima baada ya uvamizi wa wezi wa mifugo. Wengine aliowakuta pale hawakuwa wa kuletwa. Alimpandisha nyuma pamoja na mbuzi, na njia nzima mtoto alilala katikati yao. Meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kung'oka. Hakusema jina lake wala neno lolote. Tulipomwogesha ili kumtoa harufu ya mbuzi alipigana nasi kwa nguvu ambazo hatukuamini kuwa anazo, kisha akakaa ukutani na hakupigana tena. Alikunywa maziwa, uji aliukataa. Mama Veronika alimtazama mikono kila siku, na kila siku alitikisa kichwa.

Kisha akaanza kuleta mawe. Palikuwa na tundu kwenye ua wetu wa miiba, upande wa laga, naye alipita hapo na kurudi na jiwe moja kwenye pindo la gauni. Kesho yake jingine. Karibu yote yalikuwa ya ukubwa wa yai, yamelainishwa na mto, na kila moja na rangi yake: jekundu, jeusi, la kijivu lenye mstari tumboni. Nyuma ya jiko alijenga boma la vijiti vya miiba, na boma dogo pembeni kwa vitoto. Asubuhi aliwatoa kwenda malishoni kwenye jalala la majivu, jioni aliwarudisha. Nilimwita Ekai aje aone.

Alisimama, ufagio mkononi, akayatazama moja moja. "Hii ni mbuzi, mwalimu," alisema. "Hata mimi nilikuwa na yangu hivi. Ile kubwa ya madoa si mbuzi. Ni dume ya ng'ombe, ya baba yake. Ona hatoi mkononi. Na huyu hapa nje amekufa." Alinionyesha jiwe lililowekwa nje ya boma, limefunikwa mchanga kidogo. "Akikufa anatolewa nje, anafunikwa hivyo. Ndiyo mchezo."

Nilikwenda kwa Bwana Barasa kumwomba kona ile isifagiliwe. Alikubali, mradi mgeni asiione. Tangu hapo nilikaa pale kila siku watoto wengine walipolala mchana, chini kabisa, kichwa changu kisipite chake. Nilikuwa na kifuniko cha sufuria chenye maji. "Ngakipi," nilisema, yaani maji, neno langu mojawapo kati ya machache ya Kiturkana. Siku nyingi hakunitazama. Halafu siku moja akawaleta mbuzi wake karibu na kifuniko. Mimi kwa furaha nikamsogeza mweusi mmoja mwenyewe, na hapo Maria akasema, kwa Kiturkana, waziwazi: "Si huyo. Wa kwanza ni mwekundu." Neno lake la kwanza kwetu lilikuwa kunikemea. Nilikwenda jikoni nikalia kwenye moshi, mpishi akaniuliza kama kuni ni mbichi.

Jioni ile alikula uji. Baada ya hapo alitaja mbuzi mmoja mmoja kwa rangi zao, wakati mwingine kwa Ekai, wakati mwingine kwangu mimi nisiyeelewa nusu yake. Jina lake hakulitaja, wala la baba yake, nasi hatukumsukuma.

Mama Veronika alikuwa amepeleka salamu Lokiriama kwa madereva wa mifugo, kuulizia watu wa Maria, na jibu likaja. Kulikuwa na mtu aitwaye Lobuin, ambaye ndugu yake alikuwa akihamahama upande ule wa kisima na hajulikani aliko yeye na watu wake. Ndugu huyo alikuwa na binti, lakini Lobuin alimwona mara ya mwisho akiwa mgongoni mwa mama yake. Dereva aliufikisha ujumbe kama alivyopewa: "Nitakuja. Kama ni wa ndugu yangu, atajua wanyama wa ndugu yangu. Nitamuuliza hao tu." Mama Veronika alipiga makofi. Mtoto gani angejibu swali hilo vizuri zaidi ya Maria? Kila siku alikuwa akilijibu nyuma ya jiko.

Ndipo nikatumwa Kakuma kuchukua blanketi, na huku nyuma habari ikaja kuwa wageni wakubwa kutoka Nairobi watatutembelea. Bwana Barasa akataka njia ya kutoka lango mpaka ofisini ipangwe mawe pande zote mbili, yapakwe chokaa. Mliofanya kazi Kenya hii hamhitaji maelezo. Hakuna kambi, shule wala ofisi ya chifu isiyo na mawe yake meupe, na mimi mwenyewe niliporudi na kuiona njia imenyooka, nyeupe, inawaka juani, nilisema, "Makao yamependeza."

Mama Veronika alinishika mkono akanipeleka mpaka nyuma ya jiko. Boma lilikuwepo, miiba yake yote mahali pake, na ndani hapakuwa na kitu. Maria alikuwa ukutani, miguu imenyooshwa.

Ekai alikuwa amekaa juu ya wilbaro yake iliyopinduliwa. "Mwalimu," alisema, "mimi nimechukua mbuzi ya mtoto."

"Lakini uliwajua, Ekai. Ni wewe uliyenionyesha."

"Boma sikugusa. Boma najua. Lakini hizi hazikuwa bomani. Alikuwa amepeleka malishoni." Aliyafunika macho yake kwa kiganja. "Alipeleka mbali, huko laga, kama wakati ya kiangazi. Halafu wakamwita kunyolewa. Mimi nikakuja na wilbaro, nikaona mawe mazuri imelala kwa mchanga, yote saizi moja, kama imechaguliwa. Nikasema leo Mungu amenisaidia."

Ilikuwa kweli. Yalikuwa yamechaguliwa. Na watu wa kule wanajua kuwa anayetaka mifugo yako hahangaiki na boma. Huja malishoni, mchungaji akiwa ameondoka kidogo. Maria alirudi kutoka kwenye wembe akakuta mchanga mtupu na alama ya gurudumu moja. Lililobaki ni lile la madoa, kwa sababu hakuwahi kuliachia.

Ekai alikuwa ameng'oa jiwe moja na kulisugua kwa brashi, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Chokaa ilikuwa imeingia. Alimpelekea, Maria alilitazama, akageuza uso. Nilikwenda ofisini kuomba yote yang'olewe, na Bwana Barasa, ambaye alikuwa akipanga viti tangu asubuhi na shati limemganda mgongoni, akaniambia kwa upole kabisa: "Mwalimu, mawe ni mawe. Lodwar nzima ni mawe. Si aokote mengine?" Nilitamani kumpiga. Nasema kama ilivyokuwa.

Uji ukakataliwa tena. Mama Veronika akarudi kuangalia mikono.

Lobuin alifika siku ile ile ya wageni, kwa kuwa malori ya mifugo hayafuati ratiba ya mtu. Alikuwa mtu mkavu, mwenye nguo moja ya kujifunga begani na kigoda chake cha mti mkononi, na macho ya mtu asiyelala vizuri. Kule mbele watoto waliimba, wageni wakapiga makofi, na midoli ikagawiwa. Mama mmoja mgeni, mwenye huruma ya kweli, alifika mpaka ukutani na kumwekea Maria mapajani mdoli wa nywele za manjano. Maria aliuacha hapo ulipowekwa.

Lobuin alikaa mbele yake. Walizungumza Kiturkana, yaani yeye alizungumza, na Mama Veronika akanitafsiria kwa sauti ya chini. Alimwita kwanza kwa jina la binti wa ndugu yake, Nakiru. Hakugeuka, na nusu ya wasichana wa Turkana ni Nakiru.

"Mbuzi wa baba yako wana rangi gani?"

Maria alitazama vidole vya miguu yake.

"Yupi anayetangulia maji?"

Nilijua jibu. Mimi, mtu wa Voi, nililijua: mwekundu. Nikafungua mdomo, na Mama Veronika akanibana kidole. Jibu langu lisingemfaa mtu yeyote.

Lobuin alisubiri. Alisubiri kuliko ambavyo ningesubiri mimi. Mwishowe akamgeukia Mama Veronika. "Simkatai," alisema. "Lakini nyumbani nina watoto na maziwa hakuna. Nikimchukua wa mtu mwingine, na wa ndugu yangu apatikane kesho, nitamweka wapi?" Hakuna aliyeweza kumlaumu. Akainua kigoda chake.

Hapo tukasikia wilbaro. Ekai alikuwa kwenye njia, katikati ya wageni waliokuwa wakielekea kwenye chai, anang'oa mawe. Aling'oa la huku, akang'oa la kule, bila haraka wala kujificha. Bwana Barasa akamwita jina kwa sauti ya kijeshi. Ekai hakugeuka. Wageni walidhani ni sehemu ya mambo yaliyoandaliwa, mmoja akapiga picha. Aliisukuma wilbaro mpaka nyuma ya jiko, akayamwaga mawe kando ya boma tupu, akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Ni mimi niliyewachukua," alimwambia kwa lugha yao. "Nimewarudisha. Wamekufa mikononi mwangu."

Maria alimtazama. Halafu aliuweka mdoli pembeni, kwa uangalifu, akasimama. Alikwenda kwenye lundo, akachukua jiwe moja, akaligeuzageuza kwenye vidole. Lote lilikuwa jeupe. Hakuliingiza bomani. Alilipeleka nje, akalilaza, akaanza kulifunika mchanga, na akasema: "Mwekundu mwenye sikio lililokatwa. Ndiye anayetangulia maji."

Akarudi kuchukua jingine. "Mweusi wa tumbo jeupe. Ana mapacha." Akarudi tena. Yote meupe, yote sawa machoni petu, na yeye aliyajua kwa vidole, moja baada ya jingine, akitaja rangi zilizokuwa chini ya chokaa. Lobuin alikuwa amekaa tena. Kigoda kilikuwa bado mkononi mwake, alikaa mchangani. Kwa kila mbuzi aliyetajwa niliona midomo yake ikitangulia kutaja.

Lundo lilipokwisha, Maria alitoa lile jiwe la madoa, ambalo chokaa haikuligusa. Alilishika tu.

"Na huyo?" Lobuin aliuliza.

"Lomeri."

"Lomeri ni wa nani?"

"Wa baba."

Kwa watu wa kule mwanamume huitwa kwa dume lake alipendalo. Ndugu yake Lobuin alijulikana nchi nzima ile kwa jina la Apalomeri, baba wa mwenye madoa, na hakuna mtu pale makaoni aliyekuwa akilijua. Lobuin alinyoosha mkono kumgusa, lakini mtoto alikuwa hajamaliza. Aliinama, akamlaza Lomeri kando ya mbuzi, akamfunika mchanga naye, polepole, mpaka doa la mwisho likapotea. Mpaka dakika ile hakuna aliyekuwa amemwambia Lobuin kwamba ndugu yake hayuko tena. Alivuta nguo yake ya begani akajifunika uso, na tukamsikia.

Njia ya Bwana Barasa ilibaki na mapengo kama kinywa cha mtoto. Jioni yake alikuja nyuma ya jiko peke yake, akasimama mbele ya vile vichuguu vya mchanga, kofia mkononi. Hakuwahi kuagiza chokaa tena. Alisema imepanda bei. Ekai naye, mpaka nilipohamishwa, alifagia uwanja wote isipokuwa pale.

Mwaka uliofuata watu wa Lokiriama walivamiwa tena na wengi wakahama. Niliuliza madereva, niliuliza kila mtu aliyetoka upande ule, na Mama Veronika aliuliza mpaka alipofariki. Hatukupata habari za mtoto yule wala za Lobuin. Ningekuwa na habari ningewapa.

Ninachoweza kuwapa ni asubuhi walipoondoka. Tulimfungia Nakiru nguo zake na mdoli wake, naye mdoli akamwachia mtoto mwingine. Nilimuuliza kama atachukua japo jiwe moja. Mama Veronika alinitazama, na nikajua nimeuliza upumbavu. Mtu hasafiri na wafu.

Lori lilikuwa linanguruma. Lobuin alitembea kidogo kando ya barabara, macho chini, akainama akaokota jiwe, akalitupa, akaokota jingine. Alilifuta kwenye nguo yake, akalitemea mate kidogo kama wanavyobariki, akaliweka kwenye kiganja cha mtoto.

"Huyu ni jike," alisema.

Nakiru aliligeuza, akalichunguza chini ya tumbo.

"Ana mimba?"

Lobuin aliitazama milima ya mpakani, kule walikokuwa wanakwenda, mpaka dereva akapiga honi.

"Anayo," alisema.